Betri ya Chumvi na Kaburi la Mama

Shixi, Jiangxi
9 Novemba 2022

Ruiping mwanangu,

Mimi mzima, kuku wazima, paa la jikoni ndilo linaloumwa. Usinitumie simu nyingine. Ile ya mwaka jana imelala kabatini, maana masikio yangu yalikwisha zamani na sauti inayotoka mle sijui kama ni yako au ya nyuki. Barua naisoma mara tatu na hakuna anayenikatiza. Mwandiko wako nikiuona najua hata kama umekula.

Michai ya mafuta, ile tunayokamua mbegu zake, imezaa vizuri mwaka huu. Nimekamua peke yangu na mgongo umelalamika, lakini mafuta ni mazuri, chupa zako mbili nimeziweka. Bado sijasikia habari ya mkwe. Majirani wananiuliza, nami nawajibu kwamba binti yangu ameolewa na betri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita watu wa kampuni walipanda mlimani wakafunga vitambaa vyekundu kwenye miti, kuanzia kijitoni hadi juu alipolala mama yako. Wanasema jiwe la mlima wetu lina lithiamu, hiyo hiyo inayotiwa kwenye magari ya umeme. Kijiji kizima kimetia sahihi kuukubali mgodi. Kwao ni rahisi, maana marehemu wao walishafukuliwa zamani, mifupa ikasafishwa na kukalishwa mitungini kama desturi yetu ilivyo. Kuwahamisha ni kubeba mtungi begani na kushuka nao. Mama yako ana miaka miwili tu ardhini. Mzee Luo, aliyefukua mifupa ya kila ukoo hapa, anasema udongo wa upande ule ni mfinyanzi, unakawia, na bila miaka saba hamgusi. Kampuni inasema achomwe, apewe kijumba cha saruji kwenye makaburi ya serikali. Unajua alivyouogopa moto. Alinishika mkono siku ile akaniambia, "Nizike, unisubiri, kisha unitoe wewe mwenyewe." Nikamwambia ndiyo.

Mwenyekiti Jinbao alikuja kunywa chai yangu na kunichokoza.

"Mwalimu Wen," akanipigia kelele sikioni, "wa kwetu wote wako mitungini, wanabebeka. Mkeo tu ndiye hajaiva!"

"Na wewe," nikamwambia, "ulizaliwa kabla hujaiva, mbona tulikuacha?"

Alicheka, lakini karatasi yake ya kutia sahihi aliiacha mezani.

Mzee Luo anasema iko njia moja. Msimu huu wa baridi, mbao zikiwa bado ngumu, wanaume wanane wanaweza kumhamisha na jeneza lake zima hadi kwenye kishamba chetu ng'ambo ya kijito. Ila kumwamsha maiti kabla ya wakati wake si jambo jema, na sitaki kulifanya bure. Wewe ndiye mtu wa betri. Niambie, watauhitaji mlima huu kweli? Nimhamishe au nimwache?

Baba yako,
Wen Shaoqing


Changzhou
14 Desemba 2022

Baba,

Nakuamkia kwa heshima zote na kwa pua inayochuruzika. Barua yako ilinikuta tumefungiwa bwenini kwa sababu ya ugonjwa, posta imelala getini siku nyingi. Sasa wamefungua milango na watu wote wanakohoa. Tafadhali usiende sokoni, vaa barakoa, na kataa chai na Mwenyekiti Jinbao, huyo anazungumza huku anatema mate.

Ile habari ya mkwe bado ni siri ya serikali.

Baba, usimguse Mama.

Nisikilize. Nilikuambia tu kwamba natengeneza betri, sikukuambia ni betri gani. Hapa kwetu hatutumii lithiamu. Tunatumia sodiamu, na sodiamu inatoka kwenye chumvi, chumvi hii hii ya kupikia. Sasa hivi lithiamu imepanda bei hadi viwanda vya magari vinalia, ndiyo maana wamefika mpaka Shixi kufunga vitambaa. Lakini chumvi iko kila mahali. Mhandisi Pan, mkuu wa maabara yetu, anapenda kutuambia, "Waacheni wagombanie milima, jamani. Chumvi haina mwenyewe!" Magari madogo yatakuwa ya kwanza, kisha pikipiki, kisha mabasi. Kabla miaka ya Mama haijatimia, hakuna atakayepanda mlima kutafuta jiwe lile. Vitambaa vitaoza vyenyewe.

Udhaifu wa betri yetu nakuambia pia ili usiseme nakuficha. Ni nzito kuliko ya lithiamu kwa nguvu ile ile, na baadhi zinavimba gesi zikichajiwa mara nyingi. Siri iko kwenye mkaa ambamo sodiamu inajificha. Tunauchoma kutokana na vifuu vya nazi vinavyotoka ng'ambo, na ni ghali. Mimi nimefikiria maganda ya mbegu zetu za mafuta, yale unayochochea moto nayo jikoni. Nitumie magunia mawili. Pan amenicheka, ila amekubali.

Karatasi ya Jinbao washia moto.

Mwanao,
Ruiping


Shixi
8 Februari 2023

Ruiping,

Mwaka mpya umepita bila wewe. Niliweka mabakuli matatu mezani, nikala kwenye moja. Nilikuwa na kikohozi kidogo, kimekwisha. Mzee Luo alikuwa na kikohozi kikubwa, naye amekwisha. Tulimzika siku ya nne ya mwaka mpya, na watu walikuwa wanaulizana ni nani atakayemfukua yeye siku yake ikifika, maana hakumfundisha mtu.

Magunia yako ya maganda nimeyatuma. Nimekuwekea yale ya miti iliyo jirani na mama yako, ndiyo mazito.

Nimemwacha alipo. Wanaume walikuwa nyumbani kwa sikukuu, wangeweza kumbeba, lakini nimefuata neno lako. Karatasi nimeiwashia moto mbele ya Jinbao mwenyewe, nikamweleza habari ya chumvi kama ulivyonieleza. Alimaliza karanga zangu, kisha akasema:

"Mwalimu, hata mimi mke wangu hupika kwa chumvi, lakini hajawahi kufika mjini kwa sufuria."

"Wewe subiri tu."

"Mwanao amekutilia chumvi, mzee. Kampuni itaanza upande wa pili wa mlima, kwa waliotia sahihi. Ukiona bakuli zinacheza kabatini, usije kunililia."

Watu hawaji tena kunisalimia sana. Kwa sababu yangu malipo ya wote yanatolewa nusu nusu mpaka mlima wote upatikane. Hilo sikukuambia mwanzo, na hata sasa nakuambia ili ujue tu, si ili ubadili neno lako. Mimi nakuamini. Nimefundisha watoto wengi, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinisahihisha ubaoni.

Baba


Changzhou
16 Aprili 2023

Baba yangu mpendwa,

Naanza na msamaha. Nilikata tiketi ya kuja kufagia kaburi la Mama siku ya Qingming, nikairudisha. Ukisoma nitakayoyaandika utaelewa kwa nini. Pole kwa Mzee Luo. Je, hicho kikohozi kidogo kilikuwa kidogo kweli?

Baba, maganda yako yamewashinda vifuu! Tuliyaosha, tukayachoma polepole bila hewa, tukasaga, tukapaka. Mhandisi Pan alikuja kutazama vipimo akanywea, akaniuliza, "We Ruiping, hii takataka umeitoa wapi?" Nikamwambia ni takataka ya jikoni kwa baba yangu. Siku ya Qingming yenyewe tulitia betri kwenye kigari cheupe na kukizungusha uani. Mimi ndiye niliyekiendesha. Kilikwenda, Baba. Watu wazima walikikimbilia nyuma wakipiga makofi. Nililia mle ndani, na nilifurahi kwamba vioo vilikuwa vyeusi.

Na si hilo tu. Bei ya lithiamu imeporomoka, imeshuka chini ya nusu ya ile ya siku walipofunga vitambaa. Watu wamesikia habari za chumvi na wameogopa. Kampuni yenu haitapata faida ya kuchimba. Mwambie Mwenyekiti Jinbao arudishe karanga.

Tumeshinda. Mwambie Mama.

Ruiping wako


Shixi
21 Agosti 2023

Ruiping,

Joto limewazuia kuku kutaga, na mimi nimepumzika kulima. Nilimwambia mama yako habari ya kigari. Nilimsomea barua yako yote nikiwa nimesimama pale, kwa sauti ya darasani.

Sasa kuna jambo silielewi, na wewe ndiye mwalimu wangu kwa haya. Unasema bei imeshuka, na kweli, hata Jinbao amekiri imeshuka. Basi mbona malori ya mgodi yameongezeka? Mwanzo yalipita asubuhi na jioni. Sasa yanafuatana mchana kutwa, na kijito kimekuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilimuuliza Jinbao akanitazama kwa huruma, jambo nisilolipenda.

"Mwalimu," akasema, "wewe unauza mayai. Bei ya mayai ikishuka, utauza machache?"

"Nitauza mengi zaidi nijazie."

"Umejijibu."

Nimelifikiria hilo siku nyingi. Upande wa kusini wameukata wima, na wakilipua, bakuli zinacheza kabatini, amesema kweli yule mbwa. Kaburi liko salama. Kuna ufa mdogo chini yake, nimeuziba kwa udongo.

Baridi inakuja, na nyumba nyingi zitakuwa na vijana wao kwa sikukuu. Nakuuliza tena kama nilivyokuuliza mara ya kwanza. Nimhamishe au nimwache? Neno moja linatosha.

Baba


20 Novemba 2023

Baba,

Nimechelewa, unisamehe. Kazi zimezidi na macho yananiuma. Nakula vizuri. Nimepata koti zuri la baridi. Hapa kuna mti wa mkarafuu maiti chini ya dirisha, wenye harufu nzuri.

Kuhusu ulilouliza, vumilia kidogo tu. Bei bado inashuka kila wiki, na siamini wataweza kuendelea hivyo. Migodi kadhaa imefungwa. Wa kwetu nao lazima utafungwa. Betri bado tunaendelea nazo.

Ziba ule ufa vizuri.

Ruiping


Shixi
3 Desemba 2023

Mwanangu,

Mimi mzima. Barua yako haikuandikwa mahali. Muhuri wa posta umeandikwa Yichun.

Yichun ni safari ya basi moja kutoka hapa. Asubuhi ukipanda, unaweza kula chakula cha mchana na mimi. Nilikaa na bahasha ile mkononi hadi chai ikapoa. Sikuulizi unafanya nini Yichun. Sikuulizi umekuwa huko tangu lini, wala kwa nini hukushuka kwenye basi hilo. Mwandiko wako unaniambia huli vizuri.

Nauliza jambo moja, na nataka jibu la mtu mzima. Betri ya chumvi ipo au haipo?

Kama ipo, namwacha mama yako na nakaa naye. Kama haipo, namhamisha. Lakini sikiliza. Kijiji hiki sasa ni cha wazee. Wanaume wa kubeba jeneza wanarudi kutoka viwandani kwa sikukuu, na sikukuu ya taa ikipita wanaondoka wote kwa mkupuo. Nimezungumza na vijana wa akina Qiu. Wamekubali, pamoja na yote wanayonidai moyoni. Wanangoja niseme, na mimi nangoja useme.

Usiogope kunijibu. Niliwahi kukupiga mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa kupanda juu ya kisima.

Baba


Yichun
26 Februari 2024

Baba,

Haipo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naiandika mpaka mwisho.

Maabara ilifungwa Septemba. Hatukushindwa kazi. Betri yetu ilikuwa nzuri kuliko siku ile ya kigari, na mkaa wa maganda yako ulikuwa bado unashinda. Kilichotuua ni ile bei niliyoishangilia. Chumvi ilikuwa na maana wakati lithiamu ni ghali. Lithiamu iliposhuka, ikashuka tena, wenye magari wakasema, ya nini basi betri nzito wakati nyepesi imekuwa rahisi? Waliotupatia mtaji walikuja mara moja wakatazama, wakanywa chai, hawakurudi. Mhandisi Pan alikusanya watu akasema, "Jamani, chumvi haina mwenyewe. Na sisi hatuna mwenyewe sasa." Hakuna aliyecheka. Mitambo iliuzwa kwa uzito wa chuma.

Nikaja hapa kwa sababu ndipo walipokuwa wanaajiri, na barua zako zinanifuata kutoka Changzhou. Napima usafi wa lithiamu na joto la tanuri katika kiwanda kinachoyeyusha mawe ya milima yenu. Ndiyo, Baba, nakula mshahara wa malori yale.

Kwa nini sikukuambia? Niliona aibu, hiyo ni nusu. Nusu nyingine, nilikuwa natazama bei kila asubuhi na kujidanganya kwamba ikishuka kidogo tu mgodi utafungwa, nawe hutajua kamwe kwamba nilikosea, na Mama atakuwa amelala salama. Kila wiki nilijipa wiki moja zaidi. Ulikuwa umeniuliza neno moja na nilikuwa nalo. Nililikalia sikukuu nzima.

Mhamishe. Mhamishe sasa, hata kwa wazee. Nitaomba ruhusa nije kubeba mimi.

Ruiping


Shixi
27 Machi 2024

Ruiping,

Barua yako ilifika pamoja na mvua. Vijana wa akina Qiu walikuwa wameshaondoka. Waliningoja hadi siku ya mwisho, mmoja wao akapiga honi mlangoni, nami nikatikisa kichwa, kwa sababu nilisema moyoni, angekuwa na jambo la kuniambia angeniambia.

Niliposoma nilikwenda kwa Jinbao. Sikutaka kumwomba, lakini nilimwomba. Hakunicheka. Alikusanya wazee sita na kamba, tukakubaliana mvua ikikatika tutapanda. Haikukatika. Siku ya tano ukingo walioukata uliporomoka, na mama yako akaenda nao.

Nilipofika pale katapila lilikuwa tayari linapakia. Walikuwa wanasafisha njia ya malori. Nilisimama mbele yake na dereva akatoa kichwa nje.

"Mzee, toka hapo! Mlima unamwagika!"

"Mke wangu yumo humo!"

"Nani?"

"Mke wangu!"

Alifikiri nina wazimu, kisha akaona ubao wa jeneza na kuzima mashine. Alishuka akapiga magoti kwenye tope, kijana wa watu, akaanza kuchimba nami kwa mikono. Lakini alikuwa ameshajaza malori mawili na yalikuwa yameondoka.

Mzee Luo alisema kweli, hakuwa tayari. Sitakuandikia nilichoosha. Nilikiosha mwenyewe kwa pombe ya mchele kama desturi inavyotaka, maana hakuna mwingine anayejua. Nimepata miguu yote miwili, nyonga, baadhi ya mbavu na mkono wa kushoto. Mtu hupangwa mtungini kuanzia miguu, apande kama aliyeketi, na kichwa kiwe juu kabisa ndipo ufunike. Nimempanga hadi kifuani. Kichwa sina. Mtungi uko wazi na sijui niufunike au la. Jinbao naye hajui.

Yale malori mawili yalikwenda kwenye kinu cha kusaga mawe, na kutoka kinuni mzigo hupelekwa huko uliko.

Nimekukasirikia, Ruiping. Niliandika barua nyingine ya kusema sijakukasirikia, nikaichana, maana katika nyumba hii uongo umetosha. Kukosea kuhusu betri si kitu, hata mimi nilikosea kuhusu mengi na watoto wakafaulu. Kosa lako ni kuninyima neno. Nilimuahidi kumtoa mwenyewe, na nimemtoa nusu.

Huna la kufanya, najua. Nimekuandikia kwa sababu wewe uko kule anakokwenda.

Baba


Yichun
7 Aprili 2024

Baba,

Sina salamu ya kuanzia.

Barua yako niliipata kazini, nikaenda hadi ghala la kupokelea mzigo na koti langu jeupe. Hakuna mawe pale. Mzigo unafika ukiwa unga, Baba, unga wa rangi ya zambarau unaometameta, umerundikwa hadi darini, na juu ya kila rundo kuna jina la mlima. Rundo la kwetu lilikuwa karibu limekwisha. Nilimuuliza mpokeaji mzigo ulioingia baada ya mvua uko wapi. Akasema, "Umeshapita tanuri, dada. Kwani una kasoro?"

Tanuri letu linajilisha lenyewe, haliguswi na mtu. Nalipima joto lake kila asubuhi, na hata siku ile mzigo wa kwetu ulipopita nililipima, nikaandika kwamba liko sawa.

Nilinunua vijiti vitatu vya udi. Siku ya Qingming wengine walikuwa wamekwenda makwao, nikapita nyuma ya ghala nikaviwasha kwenye tofali, nikapiga magoti kuelekea rundo. Nilianza kumwambia jina langu, kana kwamba angenisahau. Mlinzi akaja mbio.

"We dada, una akili? Hapa moto hauruhusiwi! Zima!"

Nilitaka kumweleza. Alikuwa anafanya kazi yake.

Nikavizima mwenyewe, Baba, kwa vidole. Kisha nikarudi ndani kupima.

Ruiping